Shusha Ile Picha, Mama

Jumapili, saa saba mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote nipe habari za goti. Mjomba aliponipigia mara ya mwisho alisema sasa unapanda ngazi ukipumzika kila baada ya hatua mbili, na fimbo umeificha nyuma ya kabati eti itakuzeesha. Nakuomba uitoe. Na miwani mipya je, inakaa sawa au bado inateleza puani? Mimi huku ni mzima wa mwili, nakula, naenda kazini, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Ujumbe wa simu unasomewa na binti wa jirani, na haya ninayokuandikia sitaki yapitie mdomoni mwake kabla hayajakufikia wewe. Nimeandika herufi kubwa kubwa. Ukichoka iweke pembeni, utaendelea baadaye.

Mjomba alinieleza pia kwamba ile picha yangu nikipokea cheti umeichapisha, ukaitia fremu, ukaitundika sebuleni juu ya televisheni, na kwamba mgeni akiingia humpi hata maji mpaka aitazame kwanza. Nilicheka, kisha nikakosa raha siku nzima. Leo nataka nikueleze jinsi nilivyokipata cheti kile.

Unakumbuka nilikuambia kwamba mwaka huu shule yetu ililetewa kompyuta thelathini. Mwalimu wa kompyuta, tunayemwita Bwana Waya kwa kuwa hatembei bila waya shingoni, akaanza kutufundisha namna ya kuandika pamoja. Nikueleze hatua kwa hatua, kama ulivyokuwa ukinieleza namna ya kuchanganya dawa ya kusafishia bila kujiunguza. Kuna ukurasa mmoja, uko kwenye mtandao. Watoto wote wa darasa wanaufungua, kila mtu kwenye kompyuta yake, na kila mmoja ana jina lake na rangi yake. Mmoja akigusa herufi kule nyuma, wenzake wanaiona inatokea papo hapo. Akifuta, wanaiona inapotea. Na ukurasa wenyewe unaweka kumbukumbu: nani kaandika, nani kafuta, saa ngapi na dakika ngapi. Mimi ni mwalimu wa insha, miaka yote napokea kazi iliyokwisha kuandikwa bila kujua imepikwaje. Nikadhani sasa nitamwona mtoto akifikiri.

Kipindi cha kwanza mmoja aliandika tusi, wa pili akalifuta, wa tatu akalirudisha likiwa limerembwa. Wenye vidole vyepesi waliandika juu ya wenzao, wazito wakawa wanafukuzwa mstari hadi mstari kama kuku walioingia jikoni. Hayo ni ya utoto, sikuyajali. Kilichoanza kunitia kinyaa ni pale walipogundua kwamba alama natoa kwa kuangalia majina kwenye kumbukumbu. Basi katika kila kundi mmoja akawa anaandika insha nzima, wenzake wanaingia, wanabonyeza herufi moja au mbili, wanafuta nafasi moja, wanatoka. Rangi imeonekana, jina limeonekana, kazi imefanyika. Wenyewe waliita kupiga hodi. Unamwuliza mtoto kama amefanya insha, anakujibu bila haya kwamba ndiyo, amepiga hodi.

Ningewalaumu kama wasingekuwa wamejifunza kwetu. Mwalimu mkuu aliamuru na sisi walimu tuandike maandalio ya masomo kwenye ukurasa wa pamoja, na kila Ijumaa alibandika kwenye ubao wa matangazo orodha ya nani kaandika mara ngapi. Mwalimu wa historia akawa anakaa na chai yake, anaandika sentensi moja, anaifuta, anaiandika tena ile ile, na wiki ile akaongoza shule nzima. Mwalimu wa hesabu alibandika maelezo ya kuoka keki katikati ya mada ya pembetatu, aone kama kuna mtu anasoma. Yalikaa humo mwezi mzima, na mwalimu mkuu akaweka alama ya kuyapitisha. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa nikiingia chumba cha walimu na kusikia zile kibodi zinavyogongwa, naona haya, maana hata mimi nilikuwa sina tofauti. Nilikuwa nafungua ukurasa asubuhi, napiga hodi, nafunga.

Sasa nije kwenye vyoo. Mwingine ningemwomba radhi kabla ya kulitaja neno hili, lakini si wewe. Vyoo vya wasichana pale shuleni vilifungwa muhula uliopita bomba lilipopasuka. Mlangoni kuna kufuli na karatasi iliyoandikwa kwamba matengenezo yanaendelea. Karatasi imegeuka manjano, na fundi hajaonekana hata kivuli chake. Chini ya mlango yanatoka maji meusi mpaka kwenye korido, na siku za jua kali harufu inaingia darasani mwangu, inakaa na sisi kipindi kizima. Nzi wanatembea kwenye madaftari. Wasichana waliambiwa watumie choo cha wavulana kwa zamu wakati wa mapumziko, mmoja akiushika mlango kwa kuwa hauna komeo. Wengi hawaendi. Wanajizuia mpaka warudi nyumbani. Sisi walimu wanawake tunatumia choo cha wageni kando ya ofisi, chenye vigae vyeupe na sabuni ya kunukia. Ufunguo wake umefungwa kwenye kipande cha ubao usipotee, na mtunzaji wake ni mimi.

Wewe uliosha vyoo vya shule miaka ishirini na miwili. Nilipokuwa mdogo niliona haya ukinijia na ile harufu ya dawa mikononi, hilo tulishalizungumza tukalimaliza. Lakini sikumbuki hata siku moja ambayo vyoo vyako vilifungwa. Maji yalipokatika uliyabeba kwa ndoo kutoka ng'ambo ya barabara, na ndivyo goti lilivyoanza kuharibika. Nataka ukumbuke kwamba nayajua haya yote, usije ukadhani nilifanya nililolifanya kwa kutojua.

Wageni wa ule mradi uliotuletea kompyuta walituma taarifa kwamba watakuja kuona zinavyotumika. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akasema darasa langu ndilo litakalowaonyesha: watoto wataandika insha ya pamoja iitwayo Shule Yetu, papo hapo, na ukurasa utaangazwa ukutani. Nikamjibu kwamba ni sawa, nitawaachia waandike. Akanitazama kana kwamba nimesema nitawaachia waendeshe basi. Akasema papo hapo nayo inataka maandalizi. Tukafanya mazoezi mara sita, mama. Kila mtoto alipewa aya yake akaikariri. Na kwa kuwa wageni hupenda kuona watoto wakisahihishana, makosa nayo yalipangwa. Kiranja wa darasa alitakiwa akosee mwaka wa kufunguliwa maktaba, msichana wa dirishani amsahihishe kwa upole, kiranja amshukuru. Nilisimama mbele ya darasa nikiwafundisha watoto kukosea na kushukuru. Mmoja alinyoosha mkono akaniomba na yeye nimpe kosa, tena kubwa kuliko la kiranja.

Aya ya usafi ilimwangukia msichana tunayemwita Kimya, kwa kuwa anaweza kumaliza wiki bila kusikika sauti. Ilikuwa fupi tu, kwamba shule yetu ni safi na mazingira yake yanavutia. Aliiandika mara sita kwenye mazoezi bila kunung'unika, nami nikamsifu.

Siku yenyewe walikuja wageni watano, wakaketi nyuma pamoja na mwalimu mkuu. Watoto wote walikuwepo isipokuwa mmoja, rafiki yake Kimya, msichana mrefu ambaye wenzake wanamwita Twiga. Twiga hukosa shule siku tatu nne kila mwezi. Walimu wanawake wote tunajua sababu, na hakuna aliyewahi kuitaja kwenye kikao. Insha ikaanza kujiandika ukutani kwa rangi zote, kiranja akakosea, akasahihishwa, akashukuru, wageni wakatikisa vichwa kwa furaha. Ndipo ikafika zamu ya Kimya. Akaandika kwamba shule yetu ni safi. Akaifuta mwenyewe. Kisha kwa rangi yake ya kijani, herufi moja moja, akaandika kwamba vyoo vya wasichana vimefungwa tangu muhula uliopita, kwamba wakija shuleni hawanywi maji, na kwamba rafiki yake leo hayupo kwa sababu.

Aliishia hapo kwenye kwa sababu. Rangi ya machungwa ilitokea nyuma ya maneno yake, jina la Twiga juu yake, na maneno yakaanza kuliwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kimya akayaandika upya. Yakafutwa. Akayaandika mara ya tatu, safari hii haraka, mabega yamempanda hadi masikioni, na kwa mpigo mmoja ukurasa wote ukafutika, maktaba, kosa la kiranja, shukrani, kila kitu. Ukuta ukabaki mweupe mbele ya wageni.

Hapo mwalimu wenu wa insha akaonyesha ushujaa. Nilifungua ile kumbukumbu ya ukurasa, nikachagua dakika iliyotangulia maneno ya Kimya, nikabofya, insha yote ikarudi safi. Wageni wakapiga makofi. Mama mmoja kati yao, mwenye daftari, aliniuliza yule mtoto alikuwa anaandika nini mwishoni. Nikamjibu kwamba alikuwa anajaribu kibodi. Akatabasamu, akaandika kitu. Baada ya wiki mbili kikaja cheti, kinasema nina utulivu na umahiri katika kufundisha kwa teknolojia. Picha unayo.

Ila mwalimu mkuu hakuwa ameridhika. Alitaka kumjua aliyemtia aibu, akafungua kumbukumbu, akamkuta Twiga: jina lake, rangi yake, saa na dakika. Kwamba hakuwepo shuleni siku ile haikumsaidia, ilimzamisha zaidi. Mwalimu mkuu aliamua kwamba msichana ameingia akiwa nyumbani kwao, kwa simu, akaharibu kazi ya wenzake kwa wivu. Akaitwa pamoja na mama yake, anayepiga pasi kwenye hoteli moja mjini. Mama yule aliileta simu yake, kioo kimepasuka vipande vipande, inapokea tu, haiwezi kufungua chochote. Mwalimu mkuu hakuishika hata kuitazama. Alisema mtu anaweza kuja na simu yoyote, lakini mashine haidanganyi. Kisha akamgeukia Twiga akamtaka aeleze kwa nini hakuja siku ile. Ofisini walikuwemo wanaume wanne. Twiga akatazama sakafu. Wakaandika kwamba mtuhumiwa ameshindwa kujieleza, wakamsimamisha masomo, na kesho Jumatatu kamati ya nidhamu inakaa kuamua afukuzwe au la.

Na mimi nilikuwa ofisini humo, mama, nimekaa kwenye kiti kando ya mlango na daftari mapajani. Hao wanne ni mbali na mimi. Nilitakiwa nichukue kumbukumbu za kikao, nikazichukua kwa mwandiko mzuri.

Kimya hakuulizwa kitu, kwa kuwa maneno yake hayapo tena ukurasani na hakuna anayetaka yaonekane. Ila tangu siku ile, nikitoa kazi ya pamoja, anafungua ukurasa, anaandika herufi moja, anafunga, anakunja mikono juu ya meza na kunitazama. Hanitazami kwa hasira. Ananitazama vile mtu anavyotazama sahani yenye unywele.

Anajua. Ameketi mstari wa mbele, na aliiona mikono yangu.

Aliyekuwa ndani ya ile rangi ya machungwa ni mimi. Asubuhi ile Bwana Waya aliniambia nisiingie kwa jina langu, maana jina la mwalimu likionekana ukutani wageni watasema mwalimu ndiye anayewaandikia watoto. Akanifungulia kwa akaunti ya mtoto asiyekuwepo, ili niwe naangalia tu kwa siri, na nikiona jambo limekwenda kombo nilirekebishe bila mtu kujua. Maneno ya Kimya yalipotokea, mwalimu mkuu hakunikonyeza wala hakukohoa. Hakuna aliyeniamuru. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, na nilipoona mtoto hachoki nikauchagua ukurasa wote nikaufuta. Ile sentensi nilijua itakavyoisha, ndiyo maana sikutaka iishe. Na wakati wote huo ule ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, ubao wake unanichoma pajani kila nikisogea.

Nilimwendea Bwana Waya nikamwambia tuseme. Akanijibu kwamba akaunti zote ziko chini yake, na hili likijulikana yeye ndiye wa kwanza kwenda na maji, kisha akanishauri ninyamaze, yatapita, msichana atapata shule nyingine. Nilichukizwa naye mpaka nikashindwa kumaliza chai. Halafu nikahesabu ni siku ngapi mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza bila kushauriwa na mtu. Zilikuwa kumi na tisa.

Leo asubuhi nilikwenda kwa kina Twiga. Ni chumba kimoja na pazia katikati, safi kuliko darasa langu. Mama yake alikuwa anakunja nguo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana niliona si haki kukaa. Nilijitayarisha kwa matusi. Hakunitukana. Aliendelea kukunja mpaka nilipomaliza, kisha akaniuliza, ikiwa mashine haidanganyi na mashine ina jina la mwanawe, huo mdomo wangu kesho utaishindaje. Akafungua daftari la bintiye, akachana karatasi, akanipa kalamu, akasema basi niandike, kwa mkono, niweke na jina langu. Nikaandika: siku ile, saa ile, mimi ndiye niliyetumia akaunti ya mwanafunzi huyu, mimi ndiye niliyefuta. Nilitaka kuweka saini. Twiga akatoka nyuma ya pazia, akasema bado. Akasema niandike na sababu ya yeye kutokuwepo, nisiimung'unye, kwa sababu Kimya alikuwa hajamaliza sentensi yake.

Nikaimalizia. Niliandika kwamba hakuwepo kwa sababu alikuwa katika siku zake, na shule yetu haina choo cha msichana kubadilishia kitambaa, na walimu tunalijua hilo. Mama yake aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa blauzi yake. Alinishukuru, mama. Neno lile lilinikaa vibaya kuliko tusi lolote ambalo angenirushia.

Kesho nitasema kwa mdomo yale yaliyo kwenye karatasi ile, na cheti nitakiweka mezani pamoja na ufunguo. Bwana Waya atakataa, najua, na mwalimu mkuu ataniuliza kwa nini nimekaa kimya siku zote hizi kama ninayosema ni kweli. Huenda nikabaki na kazi, huenda barua yangu ijayo ikatoka anwani nyingine. Twiga akirudi darasani nitakuandikia. Asiporudi pia nitakuandikia, maana si haki ujue upande mmoja tu.

Sikuombi unisamehe kwa haraka, nakujua, utataka kwanza unyamaze siku mbili tatu, nami nitangoja. Ninaloliomba ni moja. Barua hii ikikufikia, shusha ile picha, mama. Wageni wakiuliza, usiwadanganye kwa ajili yangu. Na msumari usiuache mtupu. Itafute ile picha yako ya zamani, uliyopigwa mlangoni pa vyoo vya shule ukiwa na ndoo na brashi, ile niliyokuomba uifiche siku marafiki zangu walipokuja. Najua hukuitupa. Itundike hiyo.

Mjomba msalimie sana, mwambie asante kwa kukutazama, na asikupandishe ngazi kwa utani wake. Jirani na binti yake nao uwape salamu, wasikie tu kwamba sijambo. Dawa ya goti imeze baada ya kula, si kabla. Nakukumbatia kwa mikono miwili, mama, ukinikubalia.

Ni mimi binti yako,
mtunza ufunguo mpaka kesho asubuhi